Maswali Yenu Kuhusu Royal Enfield: Kampuni Iliyosimama Juu ya Injini ya cc 349

Toleo lililopita tuliandika kwamba Royal Enfield, watengenezaji wa pikipiki zenye sura ya kizamani walioko Chennai, India, walifunga mwaka wa fedha wa 2024-25 wakiwa wameuza pikipiki 1,009,900. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuvuka milioni. Tukaongeza sentensi moja, kwamba milioni hiyo imesimama juu ya mguu mmoja. Sentensi hiyo imewachokoza wengi. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

Siku zote nimejua Enfield ni ya Waingereza. Ilifikaje Chennai, na kwa nini yenyewe ilipona wakati wenzake wa enzi ile walizikwa?

Ni ya Waingereza kwa kuzaliwa. Pikipiki ya kwanza ilitoka Redditch mwaka 1901. Jeshi la India lilihitaji pikipiki za doria mipakani, likaipenda Bullet 350, na oda hiyo ndiyo iliyozaa Enfield India mwaka 1955 katika mji ulioitwa Madras wakati huo. Mwanzoni vipande vilikuja kwa meli na kuunganishwa tu. Baadaye mashine za kutengenezea vipuri nazo zikauzwa kwa Wahindi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bullet ilikuwa ikitengenezwa yote hapo hapo. Kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967. Mtoto akabaki, mzazi akaondoka.

Kubaki hai hakukuwa sawa na kustawi. Eicher, kundi la makampuni la India, ilipoichukua kampuni hiyo kikamilifu mwaka 1994, ilirithi pikipiki ya zamani kweli kweli, na si kwa sura tu: gia upande wa kulia, boksi la gia lililotengana na injini, na kiki iliyoweza kukurudishia teke. Kulikuwa hata na Bullet ya dizeli, na wapo wanaoikumbuka kwa mapenzi (sisi tunaikumbuka kwa moshi). Siddhartha Lal, mtoto wa familia yenye Eicher, alipokabidhiwa usukani mwaka 2000 akiwa na miaka 26, mauzo yalikuwa kama pikipiki 2,000 kwa mwezi na Eicher ilikuwa ikifikiria kuiuza au kuifunga.

Ufufuo wake ulitokana na kukata. Kati ya biashara 15 za kundi la Eicher, 13 ziliuzwa au kuachwa, matrekta yakiwemo mwaka 2005, na yaliyobaki yakawa malori na pikipiki. Kisha ikaja injini mpya, iliyounganisha injini na boksi la gia ndani ya ganda moja, na mwaka 2009 Classic 350 ikaingia soko la India ikiwa imevaa nguo za baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2010 waliuza takriban 50,000. Mwaka 2014 walizidi 300,000.

Nguvu za farasi 20 tu kutoka injini ya cc 349? Kuna pikipiki za cc 200 zinazotoa zaidi. Kwa nini wasiongeze nguvu ili wakue haraka?

Swali hili lina majibu mawili, moja la chuma na moja la kodi.

Tuanze na chuma. Silinda ya injini ya sasa ya 350 ina kipenyo cha milimita 72, na pistoni husafiri milimita 85.8 kutoka juu hadi chini. Safari ni ndefu kuliko upana, na ndiyo maana injini huvuta vizuri ikiwa bado chini: torki yake (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa, Nm 27, inapatikana kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Nguvu yake ya juu, farasi 20.2, iko kwenye mizunguko 6,100. Piga hesabu: pistoni inapita urefu huo mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,100 mwendo wake wa wastani ni kama mita 17.4 kwa sekunde. Ukitaka farasi 30 kutoka hapo hapo, njia rahisi ni kuizungusha hadi 8,000. Mwendo wa pistoni utapanda hadi karibu mita 23 kwa sekunde. Hapo unahitaji pistoni nyepesi na ngumu zaidi, konrodi nyingine, valvu nne badala ya mbili, na mwisho wake maji na rejeta, kwa sababu mapezi ya silinda hayawezi tena kupooza injini hiyo peke yake. Ukimaliza kazi hiyo umepata injini nyingine, inayolia tofauti, na mteja wako hakuja kutafuta hiyo.

Kampuni inalijua hilo. Ilipotaka nguvu ilijenga injini nyingine kabisa: ya silinda mbili ya cc 648 yenye farasi 47 mwaka 2018, na ya cc 452 inayopozwa kwa maji, yenye farasi 40, mwishoni mwa 2023 kwa ajili ya pikipiki mpya ya Himalayan. Ya 350 iliachwa ipumue taratibu.

Sasa kodi. Tangu kodi ya bidhaa na huduma, GST, ianze India mwaka 2017, pikipiki zote za petroli zilitozwa asilimia 28, na zilizozidi cc 350 ziliongezewa asilimia 3. Injini ya cc 349 ilikuwa upande salama wa mstari, lakini tofauti ilikuwa ndogo. Tarehe 22 Septemba 2025 mambo yakabadilika: hadi cc 350 kodi ikashuka hadi asilimia 18, na kuzidi hapo ikapanda hadi asilimia 40.

Chukua mfano wa pikipiki ya 350 yenye bei ya rupia 150,000 kabla ya kodi. Zamani ilifika 192,000, leo ni 177,000, nafuu ya rupia 15,000. Chukua ya 650 yenye bei ya 230,000 kabla ya kodi. Kwa asilimia 31 ilikuwa 301,300. Kwa asilimia 40 ni 322,000, nyongeza ya 20,700. Kabla ya hapo pengo kati ya hizo mbili lilikuwa rupia 109,300. Sasa ni 145,000. Hesabu ni za kuelewesha tu, lakini mwelekeo wake ndio halisi: ngazi aliyokuwa akiipanda mwenye 350 kwenda 450 au 650 imeondolewa vidato viwili vya katikati.

Hapo ndipo penye ule mguu mmoja. Zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya Royal Enfield ni pikipiki za 350. Kodi mpya imeunenepesha mguu wenye nguvu tayari, na kuukondesha ule waliokuwa wakiujenga.

Ile sauti ya "dug-dug-dug" ni ya makusudi, au ni injini mbovu?

Ni hesabu ya mipigo minne. Silinda moja huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Injini ikinguruma bila gia kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, unapata milipuko 500, yaani kama minane kila sekunde, na sikio bado linaweza kuitenganisha mmoja mmoja. Ongeza uzito wa gurudumu la kranki ili injini isizimike ikiwa chini hivyo, na sauti imepatikana.

Sauti ya leo ni ya chini kuliko ya Bullet ya chuma cha zamani, kwa sababu eksozi ina katalisti ndani na sheria za kelele zimekaza. Wenye kubadilisha eksozi wapate sauti ya babu zao wajue kwamba polisi wa miji kadhaa ya India huzikamata na kuzipitishia shindilia la barabara.

Mimi ni fundi. Enfield nilizozijua zilivuja oili na kutikisika hadi nati zinaanguka. Kampuni inawezaje kukua na sifa hiyo?

Uliyoyaona yalikuwa kweli, na sababu zake zinajulikana. Kwenye Bullet ya zamani, injini, boksi la gia na kasha la cheni ya praimari vilikuwa vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, kila kiungo na gasketi yake. Kava la praimari lilishikwa na nati moja katikati, na mpira wa kuzunguka ukingo. Fundi akiona oili inatoka ukingoni alikaza ile nati zaidi, kava likapinda kidogo, na uvujaji ukaongezeka. Dawa ilikuwa kinyume: kusafisha ukingo mpaka ukauke, kuweka mpira mpya ukae sawasawa kwenye mfereji wake, na kukaza kwa kiasi. Ganda moja la injini ya mwaka 2009 liliondoa sehemu kubwa ya viungo hivyo.

Mtikisiko ulipunguzwa baadaye, na injini ya cc 349 iliyoanza na Meteor 350 mwishoni mwa 2020. Ndani yake kuna shafti ya kusawazisha, inayozunguka kinyume na kranki ili uzito wake upingane na pistoni inayorushwa juu na chini. Fremu nayo ilibadilishwa. Ile ya Classic ya awali iliitumia injini yenyewe kama kipande cha fremu, kwa hiyo kila mtetemo ulipanda moja kwa moja hadi kwenye mikono na vikanyagio. Mpya ina mabomba mawili yanayoikumbatia injini kwa chini.

Kwa hiyo fundi atakayefungua Classic ya 2021 kwa mazoea ya Bullet ya 1990 atapotea. Vitu vya kuangalia sasa ni vingine. Kromu ya eksozi na rimu huota kutu mapema kwenye hewa ya bahari, hasa sehemu za chini ambazo kitambaa hakifiki: ioshwe, ikauke kabisa, ndipo ipakwe nta au oili nyepesi. Rimu za spoku zinatumia tyubu, kwa hiyo msumari mmoja unamaliza upepo mara moja na huwezi kuziba bila kung'oa tairi. Anayesafiri mbali achukue toleo la rimu za aloi, au abebe tyubu na vyuma vya kung'olea tairi, na awe ameshajaribu kuvitumia nyumbani.

Sifa mbaya ya leo, pale ilipo, inatokana na wingi. Mei 2021 kampuni iliita tena pikipiki 236,966 za Classic, Bullet na Meteor kwa sababu ya koili ya plagi iliyoweza kuleta kukosa moto, kupungua nguvu na, kwa nadra, shoti. Kampuni ilikadiria kuwa chini ya asilimia 10 ndizo zingehitaji koili mpya, lakini zote ilibidi zikaguliwe. Tazama upana wake: koili moja, aina tatu za pikipiki, nchi saba. Desemba mwaka huo huo ziliitwa Classic mpya 26,300 zenye breki ya ngoma nyuma, kwa sababu ya kipande kinachozuia breki isizunguke ambacho kingeweza kuvunjika breki inapokandamizwa kwa nguvu.

Kutumia kipuri kimoja kwenye aina nyingi kunashusha gharama na kunarahisisha kazi yako wewe fundi. Siku kipuri hicho kikiwa na kasoro, hakuna aina inayosalimika. Kampuni iliyobeba mauzo yake karibu yote kwenye injini moja inapaswa kutumia fedha nyingi kwenye ukaguzi wa wauzaji wa vipuri kuliko mshindani mwenye injini sita. Kuziita pikipiki hadharani, kwa maoni yetu, ni dalili nzuri. Zamani hizo zingekarabatiwa kimya kimya.

Honda, Triumph, Harley-Davidson na Jawa wote wameingia kwenye uwanja huo huo. Je, mwisho umekaribia?

Wameingia kwa milango tofauti, na kila mmoja amekutana na kizingiti chake.

Jawa ilirudi Novemba 2018 kwa kishindo, ikiwa na injini ya cc 293 inayopozwa kwa maji lakini yenye mapezi ya kuigiza upepo. Oda zilimiminika. Pikipiki zenyewe zilianza kuwafikia wateja miezi kadhaa baadaye, na foleni ikawa ndefu. Mtu aliyelipa kwa hamu akingoja sana, hamu inageuka kuwa hasira. Honda ilileta CB350 mwaka 2020, injini laini kuliko ya Royal Enfield na torki ya Nm 30, ila iliiweka kwenye maduka yake ya pikipiki kubwa, ambayo ni machache. Mteja wa mji mdogo hatasafiri nusu siku kwenda kubadilisha oili.

Julai 2023 ndio mwezi uliowatia watu homa: Triumph Speed 400, iliyoundwa na Waingereza na kutengenezwa na Bajaj, na Harley-Davidson X440 inayotengenezwa na Hero, zilizinduliwa zikipishana kwa siku chache tu. Triumph ilikuja na farasi 40 kwa bei iliyokaribiana na Classic ya juu. Kwenye karatasi huo ni ushindi wa mchana kweupe. Royal Enfield haikuporomoka. Mnunuzi anayehesabu farasi kwa rupia hakuwa wake tangu mwanzo. Wake anaangalia tangi. Mistari ya rangi kwenye matangi ya baadhi ya aina hadi leo huchorwa Chennai na mtu mwenye brashi, kwa mkono, bila rula.

Tishio tunaloliona ni la polepole zaidi. Bajaj na Hero wana viwanda vikubwa, mawakala kila kona na fedha za kusubiri. Kwa kuwa Triumph ya cc 398 na Harley ya cc 440 zimeangukia upande wa asilimia 40, wana kila sababu ya kupunguza injini zishuke chini ya 350. Siku wakifanya hivyo, uzio wa kodi unaomlinda Royal Enfield leo utakuwa umewaingiza wote zizini.

Ngao yake ya kweli ni mtandao. Kuanzia mwaka 2019 ilifungua maduka madogo madogo kwenye miji ya daraja la tatu, yenye pikipiki chache za maonyesho na karakana ndogo. Hayavutii kwenye picha. Lakini ndiyo yaliyomfanya mnunuzi wa mji mdogo aache kuiogopa pikipiki ya 350.

Nafikiria kununua hisa za Eicher Motors. Nisomeje takwimu zao za kila mwezi bila kudanganyika?

Hatukushauri ununue wala usinunue. Namna ya kusoma ni hii.

Takwimu wanayotoa mwanzoni mwa kila mwezi ni pikipiki zilizotoka kiwandani kwenda kwa mawakala. Haimaanishi zimefika kwa waendeshaji. Ilinganishe na usajili kwenye mfumo wa serikali uitwao VAHAN. Kumbuka kwamba kwa miaka mingi takwimu za jimbo la Telangana hazikuwamo humo, kwa hiyo usitarajie ziwe sawa. Tazama pengo lenyewe linavyokwenda. Kiwandani zikitoka nyingi kuliko zinazosajiliwa kwa miezi mitatu mfululizo, ziko kwenye stoo ya wakala zinakula riba, na baada ya hapo huja punguzo la bei. Royal Enfield kutoa punguzo kwenye Classic ndiyo dalili ya ugonjwa kuliko zote. Kihistoria watu walikuwa wakisubiri foleni.

Usilinganishe Oktoba na Oktoba kwa pupa. Wahindi hununua magari na pikipiki nyingi kuelekea Diwali, nayo inahama: mwaka 2023 ilikuwa Novemba 12, mwaka 2024 ikaangukia mwisho wa Oktoba, mwaka 2025 ikawa Oktoba 20. Jumlisha Septemba, Oktoba na Novemba, ndipo ulinganishe na miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia.

Ripoti hiyo ya mwezi imegawa mauzo sehemu mbili, hadi cc 350 na kuzidi cc 350, na mauzo ya nje yana mstari wake. Chukua daftari, andika uwiano wa hizo mbili kwa miezi 24. Ni safu moja tu, na inasema mengi kuliko kichwa cha habari cha gazeti.

Kwenye ripoti ya robo mwaka, kumbuka Eicher ina pia asilimia 54.4 ya VECV, kampuni ya malori na mabasi iliyoiunda kwa ubia na Volvo mwaka 2008. Mauzo ya malori hayachanganywi kwenye mapato ya pikipiki. Faida yake huingia chini kama mgao. Mtu akikwambia faida imepanda kuliko mauzo ya pikipiki, angalia kwanza kama ni malori yaliyofanya kazi. Na ukiona kwenye makala ya zamani kwamba hisa ilizidi rupia 20,000, usishtuke: Agosti 2020 kila hisa moja iligawanywa kuwa kumi.

Swali lililofichwa ndani ya swali lako ni kama ukuaji unaweza kukatika. Umeshakatika mara moja. Mauzo yalizidi 800,000 mwaka wa fedha wa 2018-19, kisha yakateremka hadi kama 600,000 mwaka 2021-22. Sababu zilipangana kama treni. Septemba 2018 bima ya mtu wa tatu ya miaka mitano ikaanza kulipwa yote siku ya kununua. Aprili 2019 pikipiki zote zilizozidi cc 125 zikalazimika kuwa na ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge wakati wa breki. Aprili 2020 ukaja kiwango cha moshi cha BS6, kilichoziua Classic na Bullet za 500 kwa sababu kuzisafisha kungegharimu kuliko zilivyouza. Juu yake karantini, halafu mwaka 2021 uhaba wa vifaa vya elektroniki. Karibu kila moja ya hizo iliongeza bei au ilipunguza uzalishaji. Mapenzi ya watu kwa Bullet hayakupungua hata kidogo. Ndiyo maana tunakwambia fuatilia kanuni na kodi kabla ya kufuatilia mitindo.

Kama India inawatosha, kwa nini wahangaike na Brazil na Thailand?

Kwa sababu India peke yake ndiyo ule mguu mmoja kwa jina jingine. Mwaka 2024-25 pikipiki zilizokwenda nje zilizidi 100,000, yaani kama moja katika kumi.

Mbinu yao ni makreti. Pikipiki inaondoka Chennai ikiwa imevunjwa vipande na inaunganishwa huko iendako: Argentina tangu 2020, kisha Colombia na Thailand, Manaus nchini Brazil tangu Desemba 2022, na nyinginezo zikiwemo Nepal na Bangladesh. Nchi nyingi hutoza ushuru mkubwa kwa pikipiki iliyokamilika na mdogo kwa vipande, na Manaus ni eneo lenye misamaha ya kodi. Kinachokwama ni vitu vidogo. Kreti moja ikikosa mfuko wa bolti za kushikia kalipa, pikipiki arobaini zinasimama hadi mfuko huo upande ndege. Tangi likikwaruzwa njiani, rangi ya kulirekebisha haifanani. Na sarafu ya nchi ikiporomoka, makreti yanayolipiwa kwa dola yanakuwa ghali kabla hayajafunguliwa.

Ulaya na Marekani hali ni nyingine. Huko anayebeba mzigo ni 650, na farasi zake 47 hazikuchaguliwa kwa bahati: ni sawa na kilowati 35, ukomo kamili wa leseni ya A2 ya Ulaya. Kijana wa miaka 18 anaiendesha ikiwa nzima, bila kufungwa kizuizi cha nguvu. Fremu yake ilisukwa na Harris Performance wa Uingereza, ambao Royal Enfield iliwanunua mwaka 2015. Kwa hiyo kodi ya India inaiadhibu pikipiki ile ile inayofungua milango nje. Wakiipunguzia bidii 650 kwa sababu nyumbani imekuwa ghali, watakuwa wameacha mbachao kwa msala upitao.

Flying Flea ya umeme itaiua "dug-dug"?

Haigombei kiti hicho. Flying Flea C6 ilionyeshwa Milan Novemba 2024. Jina limetokana na pikipiki nyepesi ya cc 125 waliyoitengeneza kwa ajili ya askari wa miamvuli wakati wa vita, na foku yake, uma unaoshika gurudumu la mbele, imeiga ya enzi hiyo. Ni ya mjini. Hilo ni chaguo la busara, kwa sababu betri ya kusafiri mamia ya kilomita ingeongeza uzito na bei hadi ile sura nyembamba ipotee. Kwenye umeme kampuni pia iliweka euro milioni 50 katika Stark Future ya Hispania, mwaka 2022.

Ugumu uko kwingine: ukiondoa sauti, mtetemo na joto la injini, umebaki na sura pekee, na sura inaigika. Yeyote mwenye betri na mwunda fremu hodari anaweza kushindana.

Mwanangu ana miaka 22, anasema Classic ni "ya wazee". Kampuni itaishi vipi akina baba tukizeeka?

Mpeleke akakalie Hunter 350, iliyotoka Agosti 2022. Injini ni ile ile. Uzito ni kilo 181 dhidi ya 195 za Classic, magurudumu ni madogo ya inchi 17, na inakata kona za mjini kwa urahisi ambao Classic haina. Ilipangiwa watu kama yeye, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki Royal Enfield.

Shida yake ya miaka ya mwanzo ilikuwa shokapu za nyuma. Springi zilikuwa ngumu, na kwenye barabara yenye mashimo kila shimo lilipanda hadi mgongoni. Toleo la 2025 lilipata springi zinazoanza laini na kukaza kadiri zinavyobanwa, chini pakainuliwa milimita 10, na klachi ikawa nyepesi. Kama ananunua iliyotumika ya kabla ya hapo, apande na abiria nyuma, apite barabara mbovu kwa kilomita 40 kwa saa, amsikilize abiria atakavyolalamika, ndipo ajadili bei.